Namna ya Kupunguza Gharama ya Dawa ya Kulainisha Macho

Mjomba wangu ni nahodha hapa Lamu, na kila upepo wa kaskazi unapovuma macho humkauka na kumchoma. Juzi alinieleza kuwa vichupa viwili vya mililita 10 havimfikishi mwisho wa mwezi, basi tukaketi barazani tukalipitia jambo hilo tangu mwanzo.

Kwanza, hakikisha kwamba ni ukavu tu. Jicho lenye maumivu makali, usaha au uoni uliofifia lipelekwe hospitali.

Pili, dukani taja dawa yenyewe, usitaje jina la kibiashara. Haipromelosi na kaboksimethiliselulosi ni dawa za miaka mingi, hutengenezwa na viwanda vingi, na kwa kawaida ni nafuu kuliko sodiamu hyaluroneti, ambayo nayo ni dawa ya kulainisha macho. Mimi humshauri kila mtu aanze na hizo. Dawa za kuondoa wekundu ni kitu kingine: hubana mishipa ya jicho, na wekundu hurudi dawa inapoisha nguvu.

Tatu ni kutia dawa, na hapa ndipo fedha za mjomba zilipokuwa zikimwagika. Nilimwomba atie mbele yangu: aliinua uso, akakiminya kichupa mara tatu, na dawa ikamteremka shavuni hadi kwenye ndevu. Tone moja la kichupa huwa na maikrolita 50 hivi (maikrolita 1,000 ni mililita moja), ilhali jicho hubeba takriban 30 tu, kwa hiyo hata tone la kwanza hufurika, na la pili halina pa kukaa. Nawa mikono, kisha lala chali. Napendelea kulala kuliko kukaa, hasa kwa mzee ambaye mkono wake hutetemeka. Vuta ukope wa chini ufanye kijifuko, tia tone moja humo bila ncha ya kichupa kugusa jicho wala kope, halafu fumba jicho polepole kwa dakika moja bila kulikaza. Tulirudia hadi adhana ya magharibi, kwa sababu kila mara alikuwa akifumba jicho kabla ya tone kuanguka. Kilichomsaidia ni kutazama boriti ya dari, mbali na kichupa. Anayetumia dawa nyingine ya macho asubiri angalau dakika 5 baina ya dawa hizo.

Nne, piga hesabu. Mililita 10 ni kama matone 200. Tone moja kila jicho mara nne kwa siku ni matone 8, yaani siku 25; kwa matone matatu, kichupa huisha baada ya siku nane hivi. Aidha, vichupa vingi hutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, kwa hiyo anayetia mara mbili tu kwa siku asinunue kikubwa cha mililita 15, kwani zaidi ya nusu itatupwa. Andika tarehe ya kufungua juu ya kichupa chenyewe.

Ukihitaji dawa zaidi ya mara nne kwa siku, mwombe mfamasia isiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia vijidudu kichupani, maana kihifadhi kikizidi hulichokoza jicho. Hiyo ni ghali zaidi, na ndiyo sababu nilimhimiza mjomba avae miwani inayoziba pembeni anapokuwa baharini, ili haja ya dawa ipungue. Maji ya chumvi ya kuchemsha nyumbani usiyatie kabisa, kwa kuwa si safi kama dawa ya kiwandani na yanaweza kuliambukiza jicho.