Kuanzia chuo cha jamii Marekani bila kupoteza krediti njiani

Kijana wa Kiswahili anayemaliza sekondari Marekani hupewa ushauri ule ule na kila mtu: aanze chuo cha jamii, asome shahada ya miaka 2 iitwayo Associate kwa ada nafuu, kisha ahamie chuo kikuu amalizie shahada ya kwanza. Ushauri huo ni mzuri, wala si wa jana, maana chuo cha Joliet kule Illinois, kikongwe kuliko vyuo vyote vya umma vya aina hiyo, kilianzishwa mwaka 1901. Kinachowaponza wengi ni kudhani kwamba krediti, yaani kipimo cha masomo uliyofaulu, iliyopokelewa na chuo kikuu ndiyo krediti iliyohesabiwa kwenye fani. Chuo kikuu kinaweza kupokea krediti zako zote 60 za Associate, kisha kikaweka 20 kati yake kwenye kapu la masomo ya hiari, nawe ukajikuta una miaka 3 mbele yako badala ya 2.

Kwa hiyo anzia mwisho. Kabla ya kujisajili kwa somo lolote, chagua fani na vyuo vikuu viwili au vitatu unavyovilenga, kisha tafuta makubaliano ya uhamisho kati yake na chuo chako. California imeyaweka kwenye tovuti ya ASSIST, ambako unataja chuo unachotoka, chuo unachokwenda na fani, nayo inakuonyesha somo kwa somo lipi linasimama mahali pa lipi. Pasipo na chombo kama hicho, muulize mshauri wa uhamisho wa chuo kikuu chenyewe, na umwombe akujibu kwa barua pepe ili upate kitu cha kuonyesha baadaye.

Angalia pia aina ya shahada. Associate of Arts na Associate of Science zimeandaliwa kwa wanaohama. Associate of Applied Science imeandaliwa kwa wanaokwenda moja kwa moja kazini, na masomo yake mengi ya ufundi huenda yasihesabiwe kokote. California ina shahada maalumu ya uhamisho, ambayo humhakikishia mhitimu aliyetimiza masharti nafasi katika mfumo wa California State University, ingawa si lazima iwe kwenye kampasi anayoitamani.

Hisabati ndiyo inayochelewesha watu kuliko somo lolote. Anayetaka uhandisi akichukua takwimu kwa sababu ni nyepesi, atakuwa ametimiza sharti la hisabati la Associate huku kalkulasi ikimsubiri, na kalkulasi hiyo huchukua mihula 3 mfululizo, na masomo ya fizikia ya uhandisi nayo huidai. Mihula hiyo haisomwi kwa pamoja, hivyo aanze nayo mapema iwezekanavyo. Kwa aliyefika karibuni, madarasa ya Kiingereza kwa wageni huenda yakahitajika na yana faida, lakini kwa kawaida hayahesabiwi kuelekea shahada, kwa hiyo yapangie muda wake.

Krediti 12 kwa muhula humfanya mtu atambulike kuwa mwanafunzi wa muda wote, ila 12 mara mihula 4 ni 48, si 60. Anayetaka kumaliza kwa miaka 2 achukue 15, au afidie wakati wa kiangazi. Ujaze fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kila mwaka. Wenye kadi ya kijani na wakimbizi waliopokelewa rasmi wanastahili kuomba, wenye viza ya mwanafunzi hawastahili. Ruzuku ya Pell, fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato cha chini ambazo hazirudishwi, ina kikomo cha mihula 12 maishani, na ile unayoitumia chuo cha jamii imo ndani ya hesabu hiyo.

Maombi ya uhamisho huja mapema kuliko watu wanavyodhani. University of California, kwa mfano, hupokea maombi ya muhula wa vuli, unaoanza Agosti au Septemba, mwezi Oktoba na Novemba ya mwaka uliotangulia, yaani wakati huo mwanafunzi wa miaka 2 ana alama za mwaka wa kwanza pekee.

Tunza silabasi ya kila somo. Ukikuta somo la fani limewekwa kwenye hiari, ipeleke idarani pamoja na ile barua pepe, uombe litathminiwe upya kabla hujajisajili kwa muhula wa kwanza wa chuo kikuu.