Unameza dawa za ukoma halafu mkono unaanza kuuma? Usiache vidonge

Baba mdogo alianza dawa za ukoma vizuri tu, mwezi wa tatu mkono ukaanza kumuuma toka kwenye kiwiko mpaka kidole cha mwisho, usiku halali, akasema dawa ndo zinamuua akaenda kuzificha juu ya kabati. Hapo ndo wengi wanaharibu.

Dawa zenyewe ni tatu, rifampisini, dapsoni na klofazimini, pakiti moja ya siku 28 na ni bure. Dozi ya kwanza ya kila pakiti unameza kliniki nesi anakuangalia, nyingine kila siku nyumbani. Mwenye mabaka yasiyozidi 5 kwa kawaida ni miezi 6, zaidi ya hapo ni 12. Ukikojoa mkojo mwekundu siku ya kliniki usishtuke, rifampisini hiyo. Ngozi ikiwa nyeusi ni klofazimini, inarudi taratibu ukishamaliza (baba mdogo hili lilimuuma kuliko mkono, mtu wa kujipenda yule). Ila ukitoka vipele mwili mzima au macho yakawa njano, hapo simamisha na uwahi hospitali.

Sasa mkono. Dawa inaua vijidudu, ila mabaki yao yanabaki ndani ya mshipa wa fahamu na kinga ya mwili inayashambulia, mshipa unavimba, ndo yale maumivu kama umegonga kiwiko ukapigwa shoti, ila hayaishi. Inaweza kukupata hata ukiwa umeshamaliza dozi. Dawa yake ni predinisoloni, anakuandikia daktari na unapunguza kidogo kidogo kwa wiki nyingi, usikate ghafla, na zile za ukoma unaendelea nazo kama kawaida. Usikae ukichuliwa na mafuta nyumbani, nguvu za mkono zikipotea zaidi ya miezi 6 kuzirudisha ni shughuli.

Mshipa unaweza kufa hata bila maumivu kwahiyo pima mwenyewe kila wiki. Fumba macho mtu akuguse vidole kwa pamba, useme wapi. Halafu bana karatasi katikati ya kidole cha mwisho na cha pete, mwenzio avute. Baba mdogo karatasi ilikua inachomoka yenyewe, na kikombe cha chai ya moto alikishika mpaka malengelenge yakatoka bila kujua, ndo tukampakia kwenye bodaboda siku hiyohiyo, na vile vidonge vya juu ya kabati tukaenda navyo.