KiCad na FreeRouting: njia za kuchora mwenyewe kabla ya kuiachia mashine

KiCad, programu ya kuchora bodi za elektroniki, haina autorauta ndani yake, yaani chombo kinachochora chenyewe njia za shaba kati ya vifaa. Inayo rauta ya mkono inayosukuma njia nyingine pembeni unapopita, kazi ya wahandisi wa CERN, na ni nzuri sana. Anayetaka bodi ijichore hutumia FreeRouting, programu huria ya Java iliyoanzishwa na Alfons Wirtz. Inafanya kazi, tena haraka. Ila inachokijua ni kimoja tu: pedi hii (kipande cha shaba kinacholehemiwa mguu wa kifaa) iungane na ile bila kugusa ya jirani. Habari za ampea haina.

Tuchukue bodi ya leya mbili (shaba juu na chini) yenye kidhibiti kidogo cha ATmega328P, kristali ya 8 MHz, moduli ya SIM800L ya kutuma SMS, na betri moja ya lithiamu ya 3.7 V.

Hatua ya 1: piga hesabu ya njia za umeme

SIM800L inataka 3.4 hadi 4.4 V. Inapotuma huvuta mpaka ampea 2, kwa mikupuo ya kama nusu milisekunde. Sasa njia ya upana wa 0.25 mm na urefu wa 50 mm, kwenye shaba ya kawaida ya mikroni 35, ina ukinzani wa karibu ohm 0.1. Mkondo huenda na kurudi. Graundi, yaani njia ya kurudi, nayo ikichorwa hivyo hivyo, jumla ni ohm 0.2. Zidisha kwa ampea 2: umepoteza 0.4 V, moduli imebaki na 3.3 V, inajizima. Ukipima kwa multimita huoni kitu, kwa sababu mikupuo ni mifupi mno kwake, na hapo ndipo watu huanza kulaumu mtandao wa simu. Njia hizo hizo zikiwa na upana wa 2 mm, upotevu ni 0.05 V tu.

Fungua mipangilio ya bodi, tengeneza kundi la neti za umeme (neti ni miguu yote inayotakiwa kuungana pamoja), lipe upana huo wa 2 mm. FreeRouting itaufuata.

Hatua ya 2: chora kwa mkono zile nyeti

Upana peke yake hautoshi. Kapasita kubwa ya kusaidia moduli inatakiwa ikae njiani: betri, kapasita, kisha moduli. Kwa autorauta hizo zote ni neti moja, kwa hiyo inaweza kwenda kwenye moduli kwanza, halafu kapasita ikaning'inizwa mwisho wa mkia mrefu. Ukaguzi wa kanuni wa KiCad (DRC) utapita bila kosa hata moja.

Chora pia kristali na kapasita zake mbili, njia fupi, bila via (tundu la kupeleka njia leya nyingine). Kapasita za 100 nF zigande kwenye miguu ya umeme ya ATmega. Ukiwa na njia ya antena, hiyo usiiachie kabisa: kwenye bodi ya FR4 (fiberglasi ya kawaida) ya 1.6 mm, ohm 50 zinahitaji upana wa karibu 3 mm, juu ya graundi isiyokatika.

Hatua ya 3: funga ulichochora

Chagua njia hizo, bonyeza L. Zisipofungwa, autorauta ina ruhusa ya kuzisogeza.

Hatua ya 4: peleka FreeRouting

Hamisha bodi kama faili la DSN, ambalo FreeRouting hulisoma. Ikikataa, kagua leya ya Edge.Cuts inayochorwa mpaka wa bodi, mara nyingi mpaka huo haujaungana mahali. Fungua faili kwenye FreeRouting, anzisha, subiri. Neti chache zikigoma, usikae kuirudia: haisogezi vifaa, na tatizo liko kwenye mpangilio wako. Kuzungusha ATmega nyuzi 90 kunaweza kufungua njia zote zilizogoma.

Hatua ya 5: rudisha, kisha kagua graundi

Ingiza faili la SES, yaani matokeo ya FreeRouting, kwenye KiCad, bonyeza B kujaza eneo la graundi (shaba iliyotandazwa leya ya chini). Usiridhike kwamba nyuzi za neti, ile mistari myembamba ya viungo visivyochorwa, zimeisha. FreeRouting huichukulia graundi ya chini kama bamba zima, halafu yenyewe inapitisha njia za mawimbi humo humo na kulikatakata. Zima leya ya juu utazame shaba ya chini peke yake: utaona visiwa, na njia moja ndefu iliyokata bodi katikati. Ihamishie juu kwa mkono, au irukishe kwa kipande kifupi cha leya ya juu, shaba iungane tena. Kisha jaza upya na ufanye ukaguzi wa kanuni.

Kwa wanaochonga bodi nyumbani kwa feriki kloraidi, upande mmoja tu: kwenye KiCad leya zibaki mbili, lakini hesabu ya juu kuwa ni waya za kuruka. Via ziwe na pedi ya 2 mm na tundu la 0.8 mm. Kila njia ya juu inyooshe, kisha ilehemu kwa mguu uliokatwa wa rezista.