Waya wa spika, kopo la maziwa, na flashi pembeni

Picha za harusi nilizopiga mwaka wangu wa kwanza zote zinafanana: nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi, na nyuma ya bibi harusi kivuli cheusi kimebandikwa ukutani. Flashi ilikaa juu ya kamera, ikimulika watu usoni moja kwa moja. Dawa ni kuishusha uiweke pembeni, ila vifaa vya redio vya kuiwasha kwa mbali vilinishinda bei. Nikatengeneza waya. Haukunigharimu hata shilingi elfu kumi, na hauna betri ya kuisha katikati ya keki.

Flashi huwaka pale pini ya kati, chini ya mguu wake, inapoungana na chuma cha pembeni cha mguu huohuo. Kamera ni swichi tu. Sisi tunairefusha swichi hiyo kwa nyuzi mbili.

Kwanza tazama reli ya juu ya kamera, pale flashi inapochomekwa. Lazima iwe na kitufe cha chuma katikati. Canon EOS 250D, kwa mfano, haina, kwa hiyo waya huu hautaisaidia. Kisha pima flashi: iwashe, subiri taa ya utayari, weka mita ya umeme kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye pini ya kati, mweusi kwenye chuma cha pembeni. Ikisoma volti 5 au 6, endelea kwa amani. Flashi kadhaa za zamani hutoa zaidi ya volti 200 hapo, na umeme huo unaweza kuua kamera ya kidijitali. Ya namna hiyo iache.

Upande wa kamera nilitumia mguu wa flashi iliyokufa. Mafundi wanazo kwenye ndoo. Mwachie fundi aufungue. Kapasita ya flashi, kile kifaa cha ndani kinachohifadhi umeme, huweza kubaki na volti 300 hata betri zikishatolewa. Mimi nilijifanya najua, nikaingiza bisibisi huku kidole kimeshika chuma. Ililia pa! Mkono ukafa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Fundi wangu humaliza umeme huo kwa kugusisha balbu ya kizamani kwenye miguu ya kapasita, kisha anapima tena kabla ya kuendelea.

Upande wa flashi ndio wenye kazi. Kata bati la kopo la maziwa ya unga, upana sentimita 3, urefu sentimita 2. Kunja kingo mbili ziwe kama herufi C iliyolala, nafasi ya ndani milimita 18 na nusu hivi, mguu wa flashi uingie kwa kubana kidogo. Toboa tundu la sentimita moja katikati, kisha gundisha bati juu ya kipande cha plastiki kigumu. Kwenye plastiki, katikati ya tundu, pitisha skrubu ya shaba yenye kichwa kidogo. Isiguse bati hata kidogo. Sakafu ya bati ifunike kwa tepu ya umeme ili pini nyingine za flashi zisiguse chuma. Kingo zibaki wazi.

Hapa nilipoteza jioni nzima. Kila kitu kilikuwa mahali pake, flashi kimya. Kumbe ndani ya kopo kuna rangi ya dhahabu isiyopitisha umeme. Nikaikwangua kwa msasa pale kwenye kingo, bati jeupe likatokea, na flashi ikawaka mara ya kwanza tu.

Sasa chukua waya wa spika mita 5, ule mwekundu na mweusi. Mwekundu uunge kwa risasi ya kulehemu kutoka pini ya kati hadi skrubu, mweusi kutoka chuma cha pembeni hadi bati. Ukizibadilisha, kamera inaweza isiwashe chochote. Katikati ya njia weka jeki ya milimita 3.5 kama ya hedifoni, dume na jike. Mtoto wa shangazi ya bwana harusi alikanyaga waya wangu usiokuwa na jeki, na stendi yote ikaangukia meza ya mashangazi. Siku hizi waya ukivutwa unachomoka wenyewe.

Weka kamera kwenye M, yaani unapanga mwenyewe, spidi 1/200 au chini yake. Ukizidi hapo, kwenye kamera nyingi utaona utepe mweusi kwenye picha. Nguvu ya flashi unaipanga mwenyewe kwa mkono. Mimi huanzia 1/4, mita 2 kutoka kwa mtu, juu kidogo ya kichwa chake.

Kama flashi yako ni Yongnuo YN560, unaweza kuacha waya nyumbani. Ina jicho linalowashwa na mwanga wa flashi nyingine. Iweke kwenye hali ya S1, flashi ndogo ya kamera iwe M kwenye nguvu ya chini kabisa. Mwanga wake usioutaka uzibe kwa ile ncha nyeusi ya negativu ya filamu ya rangi iliyosafishwa. Wazee wa studio bado wanazo kwenye bahasha. Macho yataona giza, lakini mwanga wa infraredi hupenya na jicho la flashi huuona. Mimi hukunja vipande viwili na kuvifunga kwa mpira wa kufungia pesa.