Chiriku Mgonjwa Asilale Bandani

Msimu wa baridi umeingia, na wafugaji wa ndege wadogo wameanza tena kunipigia simu asubuhi na mapema. Maelezo hayatofautiani: jana jioni chiriku alionekana amejikunyata pembeni, mwenye banda akamimina dawa ya unga kwenye maji ya kunywa, akafunga mlango akaenda kulala. Kulipokucha ndege alikuwa sakafuni, amekauka.

Naandika kwa wanaofuga chiriku katika mabanda ya waya ya nje huku kwenye nyanda zenye baridi, kuanzia Arusha hadi Iringa, Njombe na Mbeya, na majirani zetu wa Limuru na Nyeri. Ulishaji, vijiti vya kukalia na usafi wa banda mnavijua, sivirudii. Ninachotaka kusema ni hiki: mnaanza na dawa wakati ndege anahitaji joto, na mnamwacha nje usiku ule ambao ndio unaomuua.

Chiriku zebra, yule mdogo wa asili ya Australia mwenye mdomo mwekundu, ana uzito wa gramu 12 hivi. Mwili wake hukaa kwenye nyuzi 40 hadi 42 za joto. Usiku wa Julai hapa Arusha hushuka mpaka nyuzi 12 au 13, na Njombe huenda chini ya 10. Kiumbe cha gramu 12 kinatakiwa kijipashe joto lililozidi la nje kwa karibu nyuzi 30, usiku kucha, kwa chakula alichokula mchana. Ndege mzima anaweza, kwa sababu kwa siku hula karibu robo ya uzito wake na huingia usiku kifuko cha shingoni kimejaa mbegu. Mgonjwa hakula. Saa 4 usiku akiba yake imekwisha, na baridi kali ya saa 10 alfajiri inamkuta hana cha kuchoma.

Halafu kuna jambo la pili linalowadanganya wengi. Ndege huficha ugonjwa, maana porini anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa na mwewe. Siku unayomwona ametunisha manyoya saa 6 mchana, jua likiwaka na wenzake wakirukaruka, si siku ya kwanza ya ugonjwa. Ameshavumilia siku nzima au zaidi. Kwa hiyo "nitamwangalia kesho" haipo. Ukimwona, una nusu saa ya kumtoa.

Na ile dawa kwenye maji? Haimfikii. Chiriku zebra ni ndege wa nchi kame. Mwili wake umezoea kukaa muda mrefu bila kunywa, na akiwa mgonjwa hunywa maji machache kuliko kawaida. Ukiyafanya maji yawe machungu, hayagusi kabisa. Wanaoyanywa ni wale wazima, ambao hawakuhitaji dawa. OTC (oksitetrasaiklini, ile antibayotiki ya unga) iliyoandikiwa kuku wa kilo moja na nusu haina kazi katika chombo cha pamoja cha banda la chiriku, na nawaomba mwache. Zaidi ya hayo, mnaiweka huku maganda ya mayai na mfupa wa ngisi vikining'inia palepale. Kalsiamu huishika dawa hiyo tumboni isiingie mwilini, basi hata kidogo alichokunywa kimepotea.

Sasa fanyeni hivi, na vipimo vifuatwe kama nilivyoviandika.

Mshike bila kumkimbiza; ukifikisha dakika 3 unamfukuza, simama, subiri atulie, ujaribu tena kwa kipande cha kitambaa. Ukimkamata, usibane kidari. Ndege hupumua kwa kupanua kidari, na mkono unaobana unamziba pumzi. Mpime uzito hapohapo, ndani ya kikopo chepesi, kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, ile inayotumiwa na masonara. Mizani ya jikoni haifai. Gramu moja kwa chiriku ni sehemu kubwa ya mwili wake, na ile mizani ya jikoni haitaiona ikipungua.

Kizimba cha mgonjwa kiwe kidogo: urefu sentimita 40, upana 25, kimo 30. Kifunike kitambaa pande tatu na juu, uache upande wa mbele wazi. Vijiti vya kukalia viwe sentimita 5 kutoka sakafuni, si zaidi, kwa sababu mgonjwa akianguka kutoka juu anajiumiza. Sakafuni tandaza karatasi nyeupe ili kinyesi kionekane.

Joto ni nyuzi 30 upande mmoja wa kizimba, na 24 au 25 upande wa pili, ili achague mwenyewe. Kipimajoto kikae kwenye kimo cha ndege alipo, si ukutani, si juu ya balbu. Washa, subiri dakika 15, soma, ndipo umwingize. Balbu ikae nje ya kizimba, sentimita 15 kutoka kwenye waya na mbali vivyo hivyo na kitambaa, maana kitambaa kinashika moto. Ukitaka kupandisha au kushusha joto, sogeza balbu sentimita 5 kwa 5 na upime tena. Akiachanisha mabawa na kuhema mdomo wazi, amezidiwa; rudisha balbu nyuma mara moja.

Hapa ndipo nakasirika kidogo. Mtu ananiambia "afisa, nilimwekea taa," nikienda naikuta balbu ya LED ya wati 9. Hiyo inatoa mwanga, haitoi joto la kumfaa ndege. Inayotakiwa ni balbu ya zamani yenye uzi wa waya ndani, inayounguza mkono ukiishika, ya wati 25 au 40. Siku hizi ni adimu. Tafuteni sasa, mkae nayo kabatini kabla ndege hajaugua. Ile taa nyekundu ya vifaranga ya wati 250 ni kali mno kwa kizimba cha ndege mmoja. Ikiwa huna nyingine, iweke zaidi ya nusu mita na kipimajoto ndicho kiamue, si jicho lako.

Na jiko la mkaa hapana. Hapana kabisa, hata "kwa muda mfupi tu," hata dirisha likiwa wazi. Hewa ya mkaa huua ndege kabla binadamu hajaanza kuumwa kichwa, kwa kuwa mapafu ya ndege huchota hewa kwa wingi na kwa haraka kuliko yetu. Jikoni pia msimpeleke: kikaango kisichoshika chakula kikiungua hutoa moshi unaoua ndege kwa dakika chache.

Umeme ukikatika, chukua chupa mbili za nusu lita, zijaze maji ya moto unayoweza kuyashika kwa shida, zivalishe soksi, zilaze upande mmoja wa kizimba. Zibadilishe kila baada ya saa 2. Ndiyo, na saa 10 alfajiri pia. Weka kengele ya simu. Wengi hubadilisha saa 4 na saa 6, kisha usingizi unawachukua, na ndege anakutwa na baridi kwa saa ileile ambayo angekutwa nayo bandani.

Chakula kimwagwe sakafuni, mbele yake: ulezi na uwele, na suke zima la mtama mdogo kama lipo, kwa sababu wengi hulidonoa hata wakikataa mbegu kavu. Maji yawe katika kifuniko cha chupa, kina cha sentimita 1, asije akazama. Kwa saa 24 za kwanza mpe ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi kama ilivyoandikwa, na ubadilishe kila baada ya saa 6 kwa sababu ndani ya joto hilo huchacha. Usiku wa kwanza mwanga usizimwe, ili aendelee kula. Kuanzia usiku wa pili, kama ameshinda akila, tumia chupa za maji apate giza la kulala.

Wapo wanaomtoa pamoja na mwenzi wake asipweke. Kwa siku mbili za kwanza sikubaliani nao: hutajua kinyesi ni cha nani wala nani amekula. Mweke mahali anaposikia sauti za wenzake, yatosha.

Dawa inakuja baada ya hapo, na inakuja kwa sababu, si kwa kubahatisha. Kinyesi chenye damu au cha majimaji ya kahawia, na kidari chembamba kama kisu, chukua kinyesi kibichi kwenye kikopo kisafi umpelekee daktari wa mifugo akitazame kwa darubini. Ikiwa ni koksidia, vimelea vya utumbo, atakupangia dawa ya amproliamu kwa uzito wa ndege. Wakati wa amproliamu usimpe vitamini B, kwa kuwa dawa hiyo hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1, nawe utakuwa unamrudishia. Akitoa sauti ya kutatarika anapopumua, mkia ukipanda na kushuka, hasa kwa chiriku wa Gould na kanari, fikiria utitiri wa njia ya hewa. Dawa yake ni ivamektini, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Ivamektini ya sindano ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Tone moja ni kama mililita 0.05, yaani nusu miligramu. Kipimo cha ndege ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, na kwa chiriku wa gramu 12 hiyo ni miligramu 0.0024. Tone lako moja unalomdondoshea shingoni ni zaidi ya mara 200 ya kinachotakiwa. Daktari ndiye aizimue, si muuza duka wala jirani.

Jike aliyekaa sakafuni ametanua miguu, tumbo la chini limevimba, huenda yai limekwama. Yai lake lina gramu moja hivi. Kwa mwili wa gramu 12 ni mzigo. Mpandishie joto mpaka nyuzi 32, mpe tone la kalsiamu ya maji mdomoni, mwache kimya. Usimkamue. Saa 3 zikipita bila yai, mpeleke kwa daktari.

Manyoya yakilala, kinyesi kikiwa na umbo na uzito ukikaa palepale asubuhi tatu mfululizo, amepona.

Lakini kupona si kurudi bandani siku hiyohiyo, na wengi huharibu hapa baada ya kazi yote. Shusha joto nyuzi 2 kwa siku, siyo zaidi, mpaka lilingane na la chumbani. Kisha akae siku mbili bila balbu. Mrudishe saa 3 asubuhi, siku ya jua, ili apate mchana mzima wa kula na kutafuta tena nafasi yake kwenye kijiti. Anayerudishwa jioni hulala pembeni pa baridi akiwa amefukuzwa na wenzake.

Wakifa wawili au zaidi ndani ya siku tatu, acheni kutibu kwa kukisia. Mzoga mmoja ufungwe katika mifuko miwili ya plastiki, uwekwe kwenye friji lakini usigandishwe, maana kugandisha kunaharibu nyama za ndani zinazopaswa kuchunguzwa. Ufikishwe kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kilicho karibu, Arusha, Iringa au kwingine, ndani ya saa 24, pamoja na karatasi yenye umri wa ndege, tarehe ya kila kifo na jina la kila dawa mliyokwisha kuwapa.