Somo: Maneno ya meza ya dadu kwa mgeni

Asalam aleikum wanachama. Jumamosi iliyopita dada mmoja alikuja kwenye baraza yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, akapewa karatasi ya mhusika na dadu, akanyamaza nusu saa nzima. Tulikuwa tukirushiana maneno na hakuna aliyemfasiria. Liliniuma sana, nikaona niandike.

Sisi twacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi na kuigiza wahusika kwa dadu, uliotoka Marekani mwaka 1974 kwa mikono ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kanuni zetu ni za toleo la tano, lile la 2014.

Hatua ya 1: Nani ni nani

DM (tamka di-em) ndiye msimulizi na mwamuzi. Mtu unayemuigiza wewe ni PC wako. Wengine wote, kuanzia muuza kahawa hadi sultani, ni NPC, na DM ndiye huwasemea.

Hatua ya 2: Dadu

Hapa ndipo wageni wengi hukwama, kwa hivyo tutakaa kidogo. Dadu ya ludo ina pande sita. Mezani utakuta dadu saba, na jina la kila moja ni herufi d na idadi ya pande: d4, d6, d8, d10, d12, d20. Ya saba ni d10 nyingine iliyoandikwa makumi. Ukizirusha d10 zote mbili pamoja unapata namba kati ya 1 na 100.

Namba ikitangulia herufi, ni idadi ya dadu. "Rusha 2d6+3" maana yake rusha dadu mbili za pande sita, jumlisha, ongeza 3. Zikitoka 4 na 5, jibu ni 12. Hiyo 3 ni nyongeza, utaiona kwenye karatasi yako.

Ukitaka kufanya jambo lisilo na hakika, kama kuruka ukuta au kumdanganya askari, unarusha d20, unaongeza nyongeza yako, na ukiifikia namba aliyoiweka DM umefaulu. Namba hiyo huitwa DC. "Nat 20" ni ishirini iliyoonyeshwa na dadu yenyewe kabla ya nyongeza. Ukiipata unaposhambulia, pigo limeingia bila ubishi, na dadu za madhara unarusha mara mbili. Hiyo ndiyo kriti.

Sasa advanteji. Yule dada aliambiwa arushe kwa advanteji. Akarusha d20 mbili, zikatoka 14 na 9, akasema kwa sauti ndogo, "Ishirini na tatu." Kosa halikuwa lake, maana katika 2d6 alikuwa ametuona tukijumlisha. Kwenye advanteji unarusha mbili na kuchukua kubwa peke yake: 14. Disadvanteji unachukua ndogo: 9.

Hatua ya 3: Mwili wako

HP ni uhai uliobaki. AC ni namba ambayo adui lazima aifikie ili pigo lake likupate. HP ikifika 0 unazimia, na kila zamu yako unarusha d20 bila nyongeza: 10 kwenda juu umefaulu, chini ya hapo umeanguka. Ukifaulu mara tatu, hali yako imetulia. Ukianguka mara tatu, PC wako amekufa. Meza nzima ikifa ni TPK, na siku hiyo kahawa hunyweka kimya.

Hatua ya 4: Maneno ya lawama

Metageimu ni kutumia unachokijua wewe ambacho PC wako hakijui. Mwenzako ameshuka peke yake kwenye birika la ngome, kaona nyoka. Wewe uliyeachwa langoni ukianza kutafuta dawa ya sumu, utaambiwa ni metageimu. Wakili wa kanuni ni anayesimamisha mchezo kila dakika kubishia vifungu. Kupandisha watu reli ni kosa la DM: kila njia mnayochagua inawarudisha alikotaka yeye. Mimi naliona hilo baya kuliko yote, kwa sababu linamnyima mchezaji kile alichokuja kukitafuta.

Maswali ya wanachama

*Kisauni:* Nikipata nat 20 nikimuomba sultani kiti chake, anipe?
Hapana, kaka. Kwa kanuni za 2014, nat 20 ni ushindi wa hakika kwenye shambulio tu. DM anaweza kuamua sultani acheke badala ya kukufunga.

*Likoni:* Dadu za pande nyingi sizipati madukani.
Zipo programu za simu za bure. Au andika 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, utie mkebeni, uchote, kisha urudishe kabla ya kuchota tena. Kwa d4 tumia ya ludo; ikitoka 5 au 6, rusha upya.

*Tudor:* Lazima niyaseme kwa Kiingereza?
La, dada. Sema "dadu ya ishirini", sema "uhai". DM akikuelewa, yatosha.

*Majengo:* Kijana wangu anataka kuja. Hii si kamari?
Shikamoo mama. Hakuna shilingi inayowekwa mezani, na hakuna wa kuliwa wala wa kula. Wachezaji wote ni upande mmoja. Kuhusu dadu yenyewe, tafadhali muulize shehe wenu. Kwetu wako wawili wanaochota vikaratasi mkebeni badala ya kurusha dadu, na twacheza nao kila Jumamosi baada ya Alasiri.