SOMO: Kuhakiki baruapepe kabla ya kuihifadhi (PHP na MySQL)

Wadau, fomu nyingi za usajili zinapokea chochote, hata asha@gmail isiyo na .com. Siku mtu akisahau nywila, hakuna pa kumtumia mpya.

Hatua ya 1: ondoa nafasi za pembeni. Kibodi ya simu ikikamilisha neno huacha nafasi mwishoni, na mtumiaji haioni.

$barua = trim($_POST['barua'] ?? '');

Hatua ya 2: kagua umbo.

if (!filter_var($barua, FILTER_VALIDATE_EMAIL)) {
  $kosa = 'Tafadhali angalia anwani yako tena';
}

filter_var imo ndani ya PHP tangu toleo la 5.2, kwa hiyo nawasihi msijitungie regex (kanuni ya kukagua mpangilio wa herufi). Nyingi huruhusu herufi 2 hadi 4 tu mwishoni, hivyo mwenye .museum anafungiwa nje. Nyingine hukataa alama ya +, ambayo ni halali kabisa. Ukimkataa mwenye anwani sahihi, hana la kufanya tena.

Hatua ya 3: hifadhi. Safu iwe VARCHAR(254), yaani maandishi yasiyozidi herufi 254, yenye UNIQUE, yaani isiyoruhusu anwani kujirudia. Hapa ndipo wengi wanateleza: wanaona imeshahakikiwa, basi wanaibandika moja kwa moja kwenye SQL (amri inayotumwa kwa MySQL). Lakini ng'ombe@example.com inapita filter_var bila shida, na ile alama ya ' inavunja amri yako ya SQL. Anayejua atapitishia hapo amri zake. Tumia PDO, njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata, ambayo hutuma data kando na amri ($pdo ni muunganisho wako):

$s = $pdo->prepare('INSERT INTO wanachama (barua) VALUES (?)');
$s->execute([$barua]);

Hatua ya 4: tuma linki ya uthibitisho yenye bin2hex(random_bytes(32)), yaani msimbo wa nasibu usioweza kukisiwa. Umbo sahihi halisemi kama sanduku hilo lipo, wala kama ni la huyo aliyeliandika. Mpaka abonyeze, safu ya imethibitishwa ibaki 0.

MASWALI

– Mkuu, type="email" ya HTML haitoshi?
Haitoshi. Kivinjari kinaipitisha asha@gmail, filter_var inaikataa. Tena mtu anaweza kutuma data kwenye seva bila kugusa fomu yako. Weka zote mbili.

– Herufi kubwa na ndogo je? Mtu si atajisajili mara mbili?
Ukiwa na collation (kanuni ya kulinganisha herufi) inayoishia na _ci, MySQL inaziona ni sawa na UNIQUE itamzuia.

– Nina wanachama wa zamani ambao sikuwahakiki. Niwafute?
Usimfute mtu, ndugu yangu. Pitisha orodha yote kwenye filter_var, wanaofeli uwawekee alama, kisha uwaombe warekebishe watakapoingia tena.